Kilo 32: kisa cha mizani na ulimi katika kijiji kimoja cha Masasi

Novemba 2019, katika kijiji kimoja cha wilaya ya Masasi, mkoani Mtwara, mjane mmoja mwenye shamba la mikorosho alipeleka magunia manne kwenye ghala la chama chake cha msingi cha ushirika wa wakulima, AMCOS kama tunavyoita wote huku Kusini. Nyumbani alikuwa ameyapima kwa mizani ya jirani akapata kilo 323. Risiti aliyopewa ghalani iliandikwa kilo 291. Kabla mwezi haujaisha, karani aliyeandika risiti ile alikuwa anaitwa mwizi na watu ambao hawajawahi kumtia machoni, kwaya ya kanisa lao ilikuwa imegawanyika, mjane alikuwa ameacha kwenda ibadani, na koo mbili zilizozoea kuzikana zilikuwa zinapishana njiani bila salamu.

Nakiandika kisa hiki kwa ridhaa ya mama huyo na ya karani. Majina yao na jina la kijiji nimeyaacha. Nimekaa na kila mmoja wao kwa wakati wake, nikamsikiliza pia mzee aliyeingia kati. Kilichonifanya niandike ni namna kisa chenyewe kinavyosimuliwa sasa makanisani kwetu. Husemwa: oneni ulimi ulivyoharibu, basi tujifunze kunyamaza. Fundisho hilo silikubali. Pale kijijini kunyamaza kusingemsaidia mtu hata mmoja. Mithali inasema "Katika wingi wa maneno hapakosi kuwa na maovu; bali yeye azuiaye midomo yake hufanya akili" (10:19). Ukiendelea kusoma, kabla hujageuza ukurasa unakutana na hili: "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA" (11:1). Kitabu kinachotutaka tuzuie midomo ndicho kinachotutaka tukague mizani. Mtu akikaguliwa mizani atasema "mnanisengenya", na msengenyaji naye atasema "mimi nakagua mizani tu". Kazi yote ya hekima iko katika kuwatofautisha hawa wawili, na kisa hiki kinaonyesha jinsi ilivyo ngumu na jinsi inavyowezekana.

Hali ilivyokuwa

Asiyeishi kwa korosho anaweza kushangaa kilo 32 kugombanisha kijiji. Kwa bei za minada ya msimu ule, kilo hizo zilikuwa kama shilingi 80,000 kabla ya makato. Kwa mjane mwenye watoto wawili wa shule, hiyo ni sare, viatu na madaftari ya mwaka. Tena ilikuwa 2019. Mwaka mmoja nyuma, minada ilisimamishwa, Serikali ikatangaza kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likaja kuzisomba, kisha ukaja uhakiki, na wapo wakulima waliosubiri malipo yao hadi wakakata tamaa. Watu waliingia msimu mpya na kidonda kibichi. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao mkulima huweka korosho ghalani, akapewa risiti, zikauzwa mnadani, upo Mtwara tangu 2007, na ulikuja kumwokoa mkulima na kangomba, yule mnunuzi wa vichochoroni anayepima kwa kipimo chake na kulipa kwa bei yake. Lakini mtu aliyepunjwa miaka mingi anaposimama mbele ya mizani yoyote, macho yake hayatulii. Simlaumu mama kwa kushuku.

Siku ya kwanza alipofika ghalani, karani aliingiza mkono katika gunia, akachota kiganja kimoja, akakitikisa karibu na sikio. Korosho iliyokauka sawasawa hulia kwa mlio mkavu. Zile hazikulia vizuri. Akamwambia akaanike tena na achambue, kwa maana zilikuwa na kokoto na punje changa. Mama hakubisha, ni jambo la kawaida. Alizitandaza kwenye turubai uani siku tatu, akachambua na wanawe, akazirudisha. Hakuzipima tena nyumbani.

Siku ya pili foleni ilitoka mlangoni ikazunguka ukuta. Mizani ya ghala ilikuwa imewekwa kwenye pembe, uso wake ukielekea ndani, na karani akasimama kati ya mizani na watu. Akapima, akaandika, akakata karatasi. Mama akaisoma, akasema, "Mwanangu, mbona chache?"

Karani akamjibu, "Mama, mizani haisemi uongo. Anayefuata!"

Jibu la mlangoni

Wengi husimulia kisa hiki kuanzia kwa mama pale kioski cha maji, kwamba ndiye aliyeanzisha maneno. Mimi naanzia hapa. "Yeye ajibuye kabla hajasikia, ni upumbavu na aibu kwake" (Mithali 18:13). Mama hakusema ameibiwa. Aliuliza swali, tena kwa kumwita mwanangu. Swali lile lilikuwa na majibu matatu ya kweli, yote karani anayajua: uzito wa magunia matupu umetolewa, kilo moja kila gunia, zilizochambuliwa zimepungua, na jua la siku tatu limekula maji. Kuyasema yote kungechukua nusu dakika. Badala yake aliitetea mizani, jambo ambalo mama hakuliuliza, kisha akamwita mtu wa nyuma yake.

Karani si mtu mbaya. Alikuwa amesimama tangu asubuhi, hajala, na kila mkulima alikuwa na lake. Nimemwuliza kama alimdharau, akasema hapana, alichoka. Namwamini. Lakini aya inasema "kuna anenaye bila kufikiri, kama kuchoma kwa upanga" (12:18), wala haisemi kwamba aliyechomwa hupata nafuu akiambiwa mwenye upanga alikuwa amechoka. Mtu aliyepewa meza ya kuhudumia watu, neno lake ni sehemu ya kazi yake sawa na kalamu. Ndiyo maana katika hesabu yangu ya lawama karani anatangulia kabla ya mama, ingawa hakuna gramu aliyoiba.

Jioni ile mama alikuta wenzake wawili kwenye maji, akasema, "Yule kijana kanila kilo zangu." Hapo alikosea. Neno "mbona chache" limegeuka kuwa "kanila" katika saa chache, na hakuna kitu kipya alichokijua katikati. "Ujitetee na mwenzako peke yake" (25:9): alipaswa kurudi. Ila nasema hivyo nikijua ugumu wake. Kurudi kwenye meza ambayo umeshaambiwa "anayefuata" mbele ya watu, huku huna mume wa kukusindikiza, si jambo dogo. Wanaomwambia mjane "ungerudi tu" wajiulize ni mara ngapi wao wamerudi ofisi iliyowafukuza.

Sauti kutoka Dar es Salaam

Usiku ule mama alimpigia mwanawe mkubwa aliyeko Dar es Salaam. Akamtajia namba mbili, 323 na 291. La kuanika hakulitaja; kwake halikuwa habari. Kijana akakata simu, akafungua kundi la WhatsApp la wanakijiji waliopo na waliotoka, akarekodi sauti. Nimeisikiliza. Sehemu yake nzito ni hii: "Karani wetu Jumapili anaimba kwaya, Jumatatu anawakata wajane mizani. Huu ni wizi wa mchana. Na si mara ya kwanza."

Nimwelewe kijana: ni mtoto wa mjane, yuko mbali, na uchungu wa mama ulimwingia. Mithali 31:8 inasema "Fumbua kinywa chako kwa ajili yake aliye bubu", naye aliamini anafanya hivyo. Lakini sentensi ya mwisho, hakuitoa popote. Mama hakuisema. Hakuna aliyemwambia. Aliiongeza ili shtaka lisimame vizuri, na ni hiyo iliyoenea kuliko zote, kwa sababu kila aliyewahi kupungukiwa kilo mbili miaka iliyopita aliisikia akasema, kumbe! Huku kwetu kila kiangazi mtu huwasha majani ili awatoe panya wa shambani, akapata panya wake watano, na jioni mikorosho ya watu watatu imeungua. Yakobo alipoandika juu ya "moto mdogo uwashavyo msitu mkubwa" (3:5), mtu wa Masasi hahitaji kueleweshwa.

Mithali pia inasema anayejitetea kwanza huonekana ana haki, mpaka mwenzake afike amchunguze (18:17). Katika kundi lile hakuna aliyengoja mwenzake afike. Karani hakuwa hata mwanachama wa kundi. Sauti ilimfikia kesho yake saa tatu asubuhi, kwenye simu ya mteja, ghalani, watu wakimtazama usoni waone itakuwaje. Walioisambaza hawakusema uongo wowote, walibonyeza tu. "Arudiaye neno hutenga rafiki" (17:9), na katika hao waliorudia, wanne walikuwa wa sauti moja na karani kwenye kwaya.

Majibu mawili yenye hoja moja

Jumamosi kulikuwa na mkutano wa wanachama chini ya mwembe. Karani akasimama na kusema, "Mimi sina njaa ya kilo za mjane. Anayeona mizani yetu mibaya akauze kangomba."

Katika Waamuzi yapo majibu mawili ambayo ningependa kila mwenye cheo cha kuhudumia watu ayajue. Waefraimu, watu wepesi wa kujiona wamepuuzwa, walimjia Gideoni kwa ukali: mbona hukutuita vitani? Gideoni alikuwa na hoja za kutosha za kuwanyamazisha. Akachagua kuwaambia kwamba walichookota wao mwishoni ni bora kuliko mavuno yote ya jamaa yake, na hasira zao zikashuka (8:1–3). Baadaye Waefraimu wale wale walimjia Yeftha na lalamiko lile lile, safari hii wakitishia kumchomea nyumba. Yeftha naye akajibu kwa hoja: niliwaita, hamkuja. Alisema kweli. Lakini aliisema kama anayehesabu deni, na alipomaliza kusema akakusanya watu wa vita. Waliokufa katika Efraimu ni 42,000 (12:6).

Karani alikuwa Yeftha. Mizani ilikuwa nzima, naye alijua ni nzima. Hoja hiyo ingeweza kusemwa hivi: twendeni tukaipime mbele ya wote, sasa hivi. Watu wangeinuka, wangeenda, na mambo yangekwisha kabla ya adhuhuri. Badala yake alimtaja mjane kwa ujane wake, akataja njaa, kisha akamwelekeza kwenye kangomba, biashara haramu ambayo kila mmoja pale anajua inavyomaliza wajane. Ukweli wake ukabaki bila wa kuusikiliza.

Kesho yake, Jumapili, mke wa karani alikuja ibadani na kanga mpya: "Hasidi hana sababu." Akakaa safu ya mbele ya mama. Ibada nzima mama alikuwa na maneno yale mbele ya macho yake. Nani atasema mke yule hakufungua mdomo? Alisema kuliko wote, na kwa njia isiyojibika. Tena zingatia lilivyosema jina la kanga: hana sababu. Yaani hakuna haja ya kumwuliza sababu yake. Ni Mithali 18:13 ile ile, ya kujibu kabla ya kusikia, imechapwa kwenye kitambaa. Wanawake wa kwetu wanaijua nguvu ya kanga, na sisi wanaume tunajifanya hatuijui tunapofundisha juu ya ulimi.

Mimbari

Wilaya ya Masasi ilipokea Injili mapema; wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana, walifika 1876 wakiwa na watu waliokombolewa utumwani. Vizazi vyetu vimekua na Mithali masikioni, na padre anaposimama kusoma Yakobo sura ya 3, wazee hutangulia kuimalizia aya kimoyomoyo. Kwa hiyo Jumapili iliyofuata padre alipohubiri ulimi, kila neno lilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa mahali. "Wapo humu," alisema, "wanaowaua wenzao kwa maneno, kisha wanakuja mezani pa Bwana." Hakutaja jina. Vichwa vikageuka vyenyewe. Mama akainuka kabla ya sadaka, akatoka, na hakurudi hadi mwaka ulipogeuka.

Padre mwenyewe amekubali niliandike hili. Alidhani anafuata mfano wa nabii Nathani aliyemwendea Daudi kwa kisa cha mwana-kondoo wa maskini (2 Samweli 12). Lakini Nathani alimwendea Daudi mwenyewe, hakulihubiria baraza. Kisa chake kilikuwa mlango wa kuingilia, na alipokwisha kuingia alisema wazi, "Wewe ndiwe mtu huyo." Fumbo la mimbarani hufanya kinyume. Mhusika hapewi nafasi ya kujibu, na wasiohusika wanapewa nafasi ya kumhukumu. Zaidi ya hayo, Nathani alimwendea aliyekuwa na nguvu kwa ajili ya asiyekuwa nazo. Siku ile kanisani, asiyekuwa na nguvu ndiye aliyepigwa.

Mjomba anakuja kusikia

Kwetu, kwa Wamakua na Wayao na Wamakonde, mjomba si jamaa wa kutembelea tu. Jambo la mpwa wake ni lake. Mama huyu anaye mjomba, mzee wa miaka sabini na kitu, Mkristo asiye na cheo chochote kanisani. Muda wote huo hakuwa amesema neno. Wengine walimlaumu kwa ukimya wake. Alikuwa anangoja watu wapoe, aliniambia, kwa sababu mtu akiwa anatetemeka hakusikii.

Jioni moja akaenda kwa karani, peke yake. Hakupeleka wazee, hakupeleka barua. Akabisha hodi, akapokewa shikamoo, akaketi kwenye mkeka, akanywa chai aliyoletewa na mke yule yule wa kanga. Kisha akasema, "Mjukuu wangu, nimekuja kusikia. Sina la kusema leo. Nianzie pale mama alipoleta gunia la kwanza."

Karani akasema karibu saa nzima. Alilia, alikasirika, alirudia rudia habari ya sauti ile. Mzee hakumkatiza. Alipomaliza, akauliza maswali, na nayaandika kama nilivyoyapata kwa wote wawili:

"Ulimrudisha akaanike?"
"Ndiyo, babu. Siku tatu."
"Na gunia tupu unalitoa kilo ngapi?"
"Moja moja."
"Ulimwambia?"
Karani akakaa kimya kidogo. "Foleni ilikuwa ndefu, babu."
"Alipouliza, aliuona mshale wa mizani?"
"Hapana. Nilikuwa nimesimama mimi."

Mzee akaaga. Hakutoa hukumu wala shauri. Kesho yake akaenda kwa mpwa wake, akamsikiliza vivyo hivyo, na hapo ndipo habari ya kuanika na habari ya kilo 323 zikakutana kwa mara ya kwanza kichwani mwa mtu mmoja. Yakobo aliposema kila mtu na awe mwepesi wa kusikia (1:19), wengi tunalichukua kama adabu. Mimi naliona ni kazi ya kutafuta. Kila upande ulikuwa na kipande chake, na kijiji kizima kilikuwa kimegombana wiki tatu bila mtu yeyote kuvishika vipande vyote viwili.

Mfuko wa saruji

Kilichobaki hakikuwa cha maneno. Mzee aliazima dukani mfuko wa saruji wa kilo 50 ambao haujafunguliwa. Akawaita mama, karani, viongozi wawili wa chama na jirani mwenye mizani ya kuning'iniza. Wakaanza kwa jirani. Mfuko ukatundikwa kwenye tawi, mshale ukasimama kwenye 53. Wakautundika tena, 53. Jirani yule ni Mwislamu, mtu wa swala tano. Akasema "Astaghfirullah", akaishusha mizani pale pale, maana nusu ya kijiji kilikuwa kinaiazima. Wakaenda ghalani, mfuko ukapanda, mshale ukasimama kwenye 50.

Hesabu ikafanyika kwa sauti, mama akishika karatasi. Mizani inayozidisha kilo tatu katika kila 50, kwenye 323 imezidisha kama 18. Zimebaki 305. Toa magunia manne matupu, 301. Takataka na punje changa walizochambua, mama mwenyewe akakadiria kilo nne. Zimebaki 297. Sita zilizobaki zilikwenda na jua la siku tatu. Hakuna aliyeiba.

Mtu mwingine angeishia hapo, akamwambia mama aombe radhi. Mzee akamgeukia karani mbele ya viongozi wake na kusema, "Hukuiba. Lakini ulimziba. Mtu akizibwa macho atasema kwa kukisia." Akaomba mambo mawili. La kwanza, mizani igeuzwe, uso wake uelekee mlangoni. La pili, karani ataje kilo kwa sauti, mkulima aitaje naye, ndipo iandikwe. Na kinachotolewa kitajwe vivyo hivyo, gunia kilo moja, sababu yake ni hii. Viongozi wakakubali siku hiyo hiyo.

Katika kisa kizima, hapa ndipo naona Mithali 31:8 imetimizwa. Kijana wa Dar es Salaam alifumbua kinywa kwa ajili ya mama yake, na mama akabaki bila kanisa. Mzee alifumbua kinywa, na kila mjane aliyesimama foleni baada ya hapo akajua kilo zake kabla hazijaandikwa. Na ajabu ni kwamba dawa yenyewe ilikuwa kusema zaidi. Ghala lile lilikuwa na ukimya mahali ambapo maneno yalitakiwa, na kijiji kikajaza ukimya ule kwa maneno yake.

Niongeze hapa jambo ambalo siwezi kuliacha. Kama mshale wa ghala ungesimama kwenye 54 kwa mfuko ule wa 50, au kwenye 46, wajibu wa mama na wa mjomba ungekuwa kulipeleka mbele: kwa bodi ya chama, kwa afisa ushirika wa wilaya, kwa Wakala wa Vipimo. Hilo lisingekuwa fitina. Mathayo 18:15 inasema mwendee ndugu peke yenu, lakini aya zinazofuata zinaleta mashahidi, kisha kusanyiko. Nimeona aya hiyo ya kwanza ikitumika kumrudisha mtoto aliyeumizwa kwa aliyemwumiza, eti wayamalize wawili. Hayo ni matumizi ya uovu. Palipo na ukatili au wizi ulio wazi, kusema kwa wenye mamlaka ndiko kunena wakati wa kunena.

Kurudisha neno

Karani alikwenda kwa mama jioni ile ile. Maneno yake nayapenda kwa jinsi alivyoyapanga: "Mama, kuiba sikuiba. Lakini mlangoni nilikujibu vibaya, na chini ya mwembe nilikutukana. Hayo mawili nimeyafanya, naomba unisamehe." Hakukiri asilolifanya ili amani ipatikane haraka, wala hakujificha nyuma ya mizani iliyothibitika. Mama akasema, "Nami sikurudi kukuuliza, nikaenda kukusema." Mke wa karani alikuwepo. Hakusema kitu, ila ndiye aliyekwenda kumchukua mama kwa ajili ya ibada ya mwaka mpya, wakaingia pamoja.

Kwa kijana ilikuwa kazi. Alikwisha ifuta sauti yake, akaona imetosha. Mjomba akampigia: "Ulikiambia kijiji kizima, sasa kiambie kijiji kizima." Kijana akaandika kwamba anaomba radhi kwa usumbufu na kwa yeyote aliyeumia. Mzee akamsomea Zakayo, aliyesema kama amemnyang'anya mtu kitu kwa hila atamrudishia mara nne (Luka 19:8), akamwuliza, "Hapo umerudisha nini?" Ilichukua siku kadhaa. Hatimaye akarekodi: "Nilisema karani anaiba. Nikasema si mara ya kwanza. Yote mawili sikuwa na ushahidi nayo. Mizani imepimwa mbele ya mama yangu, ni nzima. Mama hakunituma kusema vile, nilijituma." Radhi ya namna hii inamgharimu msemaji, kwa sababu inataja neno lenyewe lililosemwa. Ile ya "kwa yeyote aliyeumia" humwachia aliyeumia kazi ya kujitokeza.

Si yote yaliyorudi. Waimbaji wawili hawakurudi kwaya hadi leo. Karani alimaliza msimu akaomba asiendelee na kazi ile. Anayeishika sasa anataja kilo kwa sauti kama ilivyokubaliwa. Na sauti ya kwanza ilikwisha toka kundini ikaenda kwenye makundi ambayo ya pili haikufika. Mwaka 2021 kaka wa karani alikuwa msibani Dar es Salaam, mtu wa Masasi akamwuliza mbele za watu kama ndiye ndugu wa yule mwizi wa mizani. Kijana alipoambiwa, aliomba namba ya mtu huyo na kumpigia mwenyewe.